Modeli ya reli haifanani na picha ya zamani: kosa liko wapi?

Umepata picha ya zamani ya bandari ya Namasagali, au ya kiwanda cha kuyeyusha shaba pale Jinja, au ya stesheni ya Tororo siku mabehewa ya saruji yanapangwa. Umekata kadibodi, umelaza reli, umepaka rangi, miezi minne imekwisha. Sasa unaiweka picha kando ya ubao, unatazama huku, unatazama kule, na kuna kitu kinakataa. Ukimwita mzee aliyekulia landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, anainama kidogo, anakaza macho, kisha anasema, "Mwanangu, hapa sipo."

Makosa yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa mara nyingi na vijana wanaojenga modeli Jinja, Tororo na Kampala, pamoja na yale niliyoyafanya mwenyewe. Mengi hayatokani na mkono mbovu. Yanatokana na picha kusomwa kwa haraka. Kwa hiyo usibomoe kitu mpaka umeirudia picha, na kila mara anza na ukaguzi usiokugharimu zaidi ya rula na dakika kumi.

Jambo moja kabla ya yote: picha halisi haikai meza moja na gundi. Inakiliwe, irudi kwa mwenyewe au kwenye bahasha yake, na ufanye kazi na nakala.

Dalili: reli ni pana mno, au mabehewa yanaonekana membamba juu yake

Sababu ya kwanza, na ndiyo inayowapata wengi, ni kwamba umenunua reli ya modeli iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya. Reli yetu, kuanzia Mombasa hadi Kasese, ilijengwa kwa upana wa mita moja. Reli nyingi za Ulaya ni milimita 1435. Modeli ya kipimo cha 1:87 inayouzwa kila mahali ina reli ya milimita 16.5, na hiyo ni sahihi kwa milimita 1435. Kwa reli ya mita moja, kipimo hichohicho kinataka kama milimita 11.5, ndiyo maana wajenzi hutumia reli ya milimita 12.

Ukaguzi: chukua 1000, gawanya kwa upana wa reli uliyo nayo kwa milimita. Jibu ndicho kipimo ambacho majengo, watu na mabehewa yako vinapaswa kujengewa. Milimita 16.5 inakupa karibu 1:60. Milimita 9 inakupa karibu 1:111. Kama umeshalaza reli ya 16.5 na huna fedha ya nyingine, usiing'oe. Jenga kila kitu kwa 1:60. Majengo yatakuwa makubwa, lakini yatakubaliana na reli.

Sababu ya pili ni mataruma. Sehemu kubwa ya reli yetu ilitandikwa mataruma ya chuma, yenye umbo la hori lililopinduliwa, na ncha zilizoinama chini. Reli ya dukani huja na mataruma yenye michirizi ya mbao. Kwa yadi ya kiwandani dawa ni nyepesi: fukia mataruma kwa udongo mpaka yaonekane migongo tu. Picha nyingi za yadi za zamani zinaonyesha hivyohivyo.

Ya tatu ni vifungo vya mabehewa. Modeli za Ulaya zina vibao viwili vya kugongana, kimoja kila upande. Mabehewa ya huku yalifungwa na kugongana kwa chombo kimoja katikati. Ukiacha vile vibao viwili, hata mtu asiyejua reli atahisi kwamba behewa ni la ugenini.

Dalili: jengo limetoka fupi, au refu, kuliko la kwenye picha

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo kadibodi nyingi huishia jalalani.

Sababu kubwa ni kukisia kwa jicho. Tafuta kwenye picha kitu ambacho ukubwa wake haujabadilika tangu wakati ule. Upana wa reli ni mita moja, huo unao bure. Pipa la mafuta la lita 200 lina urefu wa sentimita 88 hivi na upana wa 58. Mabati ya mikunjo ya kawaida yana inchi tatu, yaani milimita 76, kutoka mgongo hadi mgongo. Mtu mzima ni msaada pia, lakini mtu huinama, huvaa kofia, husimama juu ya jiwe. Pipa halifanyi hivyo.

Nina picha ya ghala moja la kando ya reli pale Jinja. Pipa limeegemea ukuta kabisa, karibu na mlango. Kwenye nakala yangu pipa lina milimita 11, na ukuta kutoka chini hadi kwenye mabati ya paa una milimita 62. Milimita 880 ukigawa kwa 11 unapata 80, kwa hiyo kila milimita ya picha ni milimita 80 za kweli. 62 mara 80 ni 4960, karibu mita tano. Kwa kipimo cha 1:87 ukuta wangu unatakiwa uwe na milimita 57. Kwa jicho nilikuwa nimeukata 45, na nilikuwa nimeshaupaka rangi.

Kwa urefu wa mlalo, hesabu migongo ya mabati. Ukuta wa mwisho wa ghala hilo una migongo 84 inayoonekana. 84 mara 76 ni milimita 6384, mita sita na kitu. Mahali bati linapolalia jingine hapakusumbui, kwa sababu unahesabu migongo inayoonekana tu, siyo mabati mangapi yalinunuliwa.

Sababu ya pili: kipimo chako hakiko mahali pamoja na kitu unachokipima. Pipa likiwa mita mbili mbele ya ukuta, na mpiga picha akiwa mita kumi na tano kutoka kwenye pipa, ukuta utakuibia zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kimo chake. Tazama pale pipa linapogusa ardhi, kisha pale ukuta unapogusa ardhi. Kama hapalingani, tafuta kipimo kingine.

Sababu ya tatu ni nakala iliyopindika. Umepiga picha ya picha kwa simu ukiwa umesimama pembeni, basi upande mmoja umekuwa mfupi. Pima kingo za karatasi ndani ya nakala: wa kushoto na wa kulia zilingane, wa juu na wa chini zilingane. Zisipolingana, rudia. Weka picha kwenye meza karibu na dirisha, zima flashi, inua simu kiasi cha mita moja juu yake, kisha vuta karibu kwa kukuza badala ya kuishusha simu.

Sababu ya nne, na ni nadra, jengo lenyewe lilibadilishwa. Maghala yaliongezwa vyumba na kuinuliwa paa. Picha mbili zikitoa vipimo viwili tofauti, na zote umezipima kwa uangalifu, yawezekana zote mbili ni kweli. Chagua mwaka mmoja.

Acha hapa: ukiona kipimo hakipatikani kabisa na unafikiri kwenda kupima jengo lenyewe, usiingie peke yako. Omba ruhusa ya shirika la reli au mwenye kiwanda. Reli isiyopitiwa na treni leo inaweza kupitiwa kesho. Paa la zamani la kijivu lenye mawimbi mapana huenda ni asbesto: usilivunje, usilisugue, usichukue kipande cha mfano. Ukuta uliopasuka na shimo lolote la mgodi huko Kilembe waachie wahandisi.

Dalili: kila kitu kipo, lakini kimekaa upande usio wake

Anza na maandishi. Kama namba ya behewa, bango la stesheni au jina la kampuni linasomeka kinyume, negativu iligeuzwa wakati wa kusafisha picha. Kama hakuna maandishi, tazama mavazi: shati la mwanamume kwa kawaida hufungwa vifungo upande wake wa kulia, na upande wa kushoto ndio unaolala juu.

Mavazi yakikosekana, itazame nchi. Tororo ina mwamba wake, huwezi kuukosa. Kasese ina Rwenzori upande wa magharibi, na bonde la kwenda Kilembe linafunguka huko. Mlima ukiwa kushoto wakati unaamini mpiga picha alielekea kaskazini, uko sawa. Ukiwa kulia, ama umekosea alikoelekea, ama picha imegeuzwa.

Kuna pia kivuli. Sisi tuko kwenye Ikweta, na kivuli cha adhuhuri huku kina tabia zake. Katikati ya mwaka, mwezi wa Juni, kinaelekea kusini. Desemba kinaelekea kaskazini. Machi na Septemba kinakaribia kutoweka. Asubuhi kinaelekea magharibi mwaka mzima. Nyuma ya picha kukiwa na mwezi umeandikwa, na kivuli kikiwa kirefu cha asubuhi, unaweza kuupata mwelekeo wa reli bila ramani. Nimelijua hili baada ya kujenga ghala zima kinyume, mlango ukitazama mlima badala ya ziwa, kutoka kwa picha niliyouziwa ikiwa imegeuzwa. Mzee mmoja wa Walukuba, aliyewahi kupakua mizigo hapo, ndiye aliyeona. Hakuuliza habari za negativu. Alisema tu, "Asubuhi jua lilikuwa likitupiga machoni tukifungua mlango. Kwako wewe litawapiga mgongoni."

Ndiyo maana nasema kila picha ipelekwe kwa mzee kabla haijapelekwa kwenye kisu. Nenda nayo imechapishwa kubwa, siyo kwenye simu. Salimia, kaa, mpe aishike mwenyewe. Usimwulize "Hili ni ghala la pamba?" kwa sababu kwa adabu atakubali. Uliza, "Hapa palikuwa na nini, mzee?" kisha nyamaza.

Dalili: rangi hazisemi Uganda

Udongo umekuwa wa kijivu kama lami, injini nyeusi tititi, mbingu nyeupe. Umepaka kile ulichokiona, na ulichokiona si kweli.

Sababu ya kwanza siku hizi ni programu za simu zinazotia rangi picha za zamani. Programu haijui moramu, ule udongo wetu mwekundu. Inakisia kwa picha ilizofundishwa nazo, na njia ya udongo mwekundu inaifanya ya kahawia ya baridi. Ukaguzi ni rahisi: uliza kama picha ya rangi uliyopewa ilipigwa kwa rangi au ilitiwa rangi. Kama ilitiwa, iondoe rangi yote, uanze upya.

Sababu ya pili ni filamu yenyewe. Filamu za zamani za aina ya othokromatiki haziioni rangi nyekundu. Nyekundu inatoka karibu nyeusi, na buluu inatoka nyeupe. Hata miaka ya 1950 wapo waliokuwa bado wanazitumia. Dalili yake ni mbingu tupu isiyo na wingu pamoja na ardhi nzito ya giza. Sasa fikiria: moramu ni nyekundu, na injini za East African Railways zilizopakwa rangi tangu katikati ya miaka ya 1950 zilikuwa na wekundu wa damu ya mzee. Vyote viwili vinatoka vyeusi kwenye filamu hiyo. Wengi wamepaka injini nyeusi kwa uaminifu kabisa, na wamekosea kwa sababu ya uaminifu huo.

Dawa ya udongo ipo chini ya miguu yako. Chota moramu kutoka mahali penyewe, ikaange kwenye kikaango kikavu ili wadudu wafe na unyevu utoke, kisha ichuje kwa chujio la chai, halafu kwa soksi ya nailoni. Gundi ya mbao iliyochanganywa na maji huifanya iwe ya giza ikikauka, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha kadibodi na usubiri hadi kesho yake. Na usiitandaze nyekundu tupu kila mahali. Pale injini zinaposimama huwa nyeusi kwa mafuta, pale saruji inapopakiwa huwa na ukungu mweupe, na katikati ya reli huwa na kutu.

Dalili: ukikuza picha, unapata ukungu tu

Mara nyingi picha imepita WhatsApp mara tatu. Mwombe mwenye nayo aitume kama faili, siyo kama picha. Kama hata faili ni dhaifu, omba karatasi yenyewe iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi. Usikubali programu ya "kunoa" picha kwa kazi hii: inabuni mikunjo ya mabati na vioo vya madirisha ambavyo havikuwepo, nawe utavihesabu.

Dalili: wazee wanasema "vitu hivi havikukutana"

Hili ni kosa la miaka. Unachanganya picha za nyakati tofauti kwenye ubao mmoja.

Maandishi kwenye behewa ndiyo saa yako. KUR, yaani Kenya and Uganda Railway, ni kabla ya 1948. Kuanzia 1948 ni shirika la East African Railways and Harbours, na herufi EAR zinatawala mpaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na Uganda ikawa na shirika lake. Behewa la KUR laweza kuonekana mwaka 1950, kwa sababu rangi haikubadilishwa siku moja. Behewa la EAR mwaka 1940 haliwezekani.

Kisha zitazame njia zenyewe. Reli ya Busoga ilitoka Jinja hadi Namasagali mwaka 1912, na mizigo ikaendelea kwa meli kupitia Kyoga. Treni ilivuka Nile pale Jinja na kufika Kampala mwaka 1931. Kasese ilifikiwa 1956, kwa ajili ya shaba ya Kilembe iliyoletwa kuyeyushwa Jinja. Maji yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, bandari ya Namasagali ilifikia mwisho, na majengo yakawa ya shule. Ukiweka mabehewa ya shaba kwenye ubao wa 1950, mzee wa reli ataona kabla hujamkaribisha kiti.

Kosa linalofuata kwa wingi ni injini. Wengi wanazipenda zile Garratt (injini ndefu za mvuke zenye viungo) za daraja la 59, zenye uzito wa tani 252 hivi na majina ya milima. Zilitengenezwa na Beyer, Peacock ya Manchester, na kazi yao kubwa ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi. Kwa Uganda, tafuta nyepesi zaidi: Garratt za daraja la 60, au injini za kawaida, zisizo Garratt, za daraja la 31 zilizopewa majina ya makabila.

La mwisho ni makaa ya mawe. Katika miaka ya 1950 injini nyingi za mvuke za EAR zilichoma mafuta mazito. Rundo la makaa kando ya karakana ya 1956 ni la nchi nyingine. Badala yake weka tangi la mafuta, bomba, na doa jeusi chini yake. Ukirudi nyuma sana, ile miaka ya kwanza ya reli, weka magogo ya kuni yaliyopangwa.

Ukikwama kwenye mwaka, nenda kwenye makumbusho ya reli pale stesheni ya Jinja, au ukisafiri Kenya, makumbusho ya reli ya Nairobi. Beba picha na swali moja lililo wazi.

Dalili: treni inasimama au inakwaruza baada ya kutandaza udongo

Kwanza futa reli kwa kitambaa chenye spiriti. Gundi na vumbi la moramu ndivyo vinavyokata umeme mara nyingi. Ikikataa, pima volti kila kipande cha reli kwa multimita. Palipo sifuri, lehemu imeachia. Ikikwaruza tu, kuna punje za chuma ndani ya mota. Moramu ina chuma, na sumaku ya mota inakivuta. Funga sumaku kwenye mfuko wa plastiki, ipitishe juu ya udongo mkavu kabla ya kuutandaza, utashangaa itakachobeba.

Acha hapa: treni hizi zinatumia volti 12 hivi, lakini transfoma inakula 240 kutoka ukutani. Ikichemka, ikinuka kuungua au waya wake ukichubuka, chomoa na umwite fundi umeme mwenye leseni. Usiifungue.

Dalili: picha yenyewe inaharibika mikononi mwako

Imegandana na kioo cha fremu: usiibandue, na usiiloweshe. Iskani hivyohivyo, ndani ya kioo. Ina ukungu wa kijani: ifunge peke yake kwenye bahasha ya karatasi, siyo ya plastiki, uitenge na nyingine, na ufunike pua. Negativu inanuka siki: plastiki yake inaoza, ikopi mapema, ihifadhi penye ubaridi.

Negativu ya kabla ya miaka ya 1950 iliyogeuka ya njano au kahawia, yenye kunata na isiyo na neno SAFETY ukingoni, ichukulie kuwa ya nitrati. Hiyo huwaka moto kwa urahisi wa kutisha, na moto wake hauzimiki kwa maji wala kwa kufunikwa. Usiiskani, usiiweke karibu na taa, jiko wala juu ya dari chini ya mabati. Itoe nje ya nyumba, kivulini, mbali na vitu vingine, na uwapigie wahifadhi wa nyaraka za taifa pale Wandegeya kuwauliza iletwe vipi. Usipande nayo teksi kabla hawajakujibu.